Kiraka si aibu: mabaki ya nguo yanavyogeuka mali, kutoka Korea na India hadi Uvira

Kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, ku baraza za maduka na ndani ya masoko, mashini za kushona zinalia tangu asubuhi. Mama anafika na kitenge chake, fundi anapima, anakata, na kila akikata kuna vipande vinaanguka chini. Kimoja ni kirefu kama mkono, kingine kidogo kama kiganja, kingine cha pembe tatu kilichotoka ku shingo ya nguo. Vingine vinajaza mito ya kulalia. Vingine vinafuta mafuta ya pikipiki. Vinavyobaki vinatupwa ku mtaro, na mvua ikinyesha vinaingia Mulongwe ao Kalimabenge, mwisho wake ziwani.

Huko Korea, vipande vidogo kama hivyo vimejenga sanaa inayofundishwa leo ku vyuo vya Marekani na Ulaya. Huko India, wamama wenye asili ya Afrika wanashona navyo mablangeti ambayo yameonyeshwa New York. Na hapa hapa Kongo, upande wa Kasai, kiraka kilichowekwa kuziba tundu kiligeuka pambo la heshima. Katika sehemu zote hizo, walioanza walikuwa watu wa nyumbani, bila kiwanda na bila mtaji.

Swali kwa wakaaji wa Uvira ni rahisi: kama malighafi iko, mikono iko, na mafundi wako, nini kinakosa? Kuelewa jibu, ni vizuri kuangalia kwanza namna wengine walivyofanya.

Korea: kitambaa cha kufungia baraka

Wakorea wana kitambaa wanachokiita bojagi. Ni kitambaa cha mraba, na kazi yake ni kufunga na kufunika: chakula ku meza, nguo ndani ya sanduku, zawadi za ndoa, mizigo ya safari. Mama wa Uvira anayefunga vyombo vyake ndani ya kitenge na kupiga fundo juu ataelewa mara moja. Nyumba kubwa za kifalme zilikuwa na bojagi za kitambaa kizima, zenye rangi na nakshi. Familia za kawaida hazikuwa na uwezo huo.

Wakati wa ufalme wa Joseon, uliodumu kutoka mwaka 1392 mpaka 1910, nguo ilikuwa mali ngumu kupata. Kitambaa kilifumwa kwa mkono, kutoka hariri, pamba, katani, ao mmea unaoitwa mosi ambao nyuzi zake ni nyepesi na nyororo. Kisha kukata nguo za familia, wamama hawakutupa kitu. Walichukua vipande vilivyobaki, wakaviunganisha kimoja kimoja, mpaka vikawa kitambaa kizima. Bojagi ya namna hiyo inaitwa jogakbo: jogak ni kipande, bo ni kitambaa cha kufungia.

Kulikuwa na imani pia. Kufunga kitu ndani ya bojagi kulikuwa sawa na kufungia baraka ndani yake. Na kushona vipande vingi, mshono juu ya mshono, kulihesabiwa kama kumwombea maisha marefu yule atakayeitumia. Kwa hiyo kazi iliyoanza sababu ya umaskini ilibeba pia maombi ya mama kwa watoto wake.

Wamama hao hawakuandika majina. Jogakbo za zamani zilizo ku makumbusho hazina jina la aliyezishona. Mkusanyaji mmoja wa Seoul, Huh Dong-hwa, alitumia miaka mingi kuziokoa wakati watu wengi walikuwa wanaziona kama vitambaa vya jikoni tu, na mbele ya kufa mwaka 2018 alikabidhi mkusanyo wake kwa mji wa Seoul. Ufumaji wa mosi wa eneo la Hansan, ambao ulitoa kitambaa cha jogakbo nyingi, uliandikwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kazi hiyo ilivuka bahari kwa mikono ya walimu. Mmoja wao ni Chunghie Lee, msanii wa nguo kutoka Korea, aliyefundisha katika chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, huko Marekani. Ameandika kitabu juu ya bojagi na ameonyesha kazi zake ku nchi mbalimbali. Moja ya kazi zake inajulikana zaidi: alichapa picha za wanawake wa zamani wa Korea juu ya vipande vya kitambaa, kisha akaviunganisha kwa mshono wa jogakbo. Aliipa jina linalomaanisha wanawake wasio na majina. Ni namna ya kuwarudishia uso wale walioshona bila kutajwa.

Wasiddi wa India: damu ya Afrika, uzi wa Karnataka

Habari ya pili inagusa upande wetu wa dunia zaidi. Katika India wanaishi watu wanaoitwa Wasiddi. Mababu wao walitoka Afrika, wengi kutoka upande wa mashariki, wakavuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Kuna waliofika kama wafanyabiashara, mabaharia na askari. Wengi walifika kama watumwa. Mmoja aliyejulikana sana, Malik Ambar, alizaliwa Ethiopia mwaka 1548, akauzwa akiwa kijana, na mwishoni akawa jemadari na mtawala mwenye nguvu katika nyanda za Deccan.

Katika jimbo la Gujarat, Wasiddi wangali wanapiga ngoma na kucheza wakiuita mchezo wao goma. Mtu wa Uvira hahitaji mkalimani kujua neno hilo lilitoka wapi.

Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi ya India, Wasiddi wengi ni wazao wa watu walioletwa na Wareno mpaka Goa, mji ambao Wareno waliuteka mwaka 1510. Waliotoroka utumwa, ao walioachwa huru baadaye, walikimbilia misitu ya milima iliyo karibu. Huko wamekaa mpaka leo, wakilima na kufanya kazi za mashamba. Kuna Waislamu, Wakristo na Wahindu, na wanaoana na kutembeleana. Mwaka 2003 serikali ya India iliwaandika Wasiddi wa Karnataka katika orodha ya makabila yanayostahili kusaidiwa katika masomo na kazi.

Wamama Wasiddi wanashona blangeti linaloitwa kawandi. Wanatumia nguo za familia zilizochakaa: sari ya zamani, shati ya mtoto, kipande cha shuka. Kawandi inalaliwa na inafunikwa usiku wa baridi ya milimani. Ya mtoto mchanga inakuwa ndogo na yenye rangi kali. Ya familia inaweza kutosha watu kadhaa. Mama Mkristo anaweza kuweka msalaba katikati, mama Mwislamu anaweza kuweka mwezi. Na ku pembe zote nne wanashona vipande vidogo vilivyokunjwa kama ua, vinavyoitwa phula. Wamama wenyewe wanasema kawandi isiyo na phula iko uchi.

Kwa muda mrefu hakuna mtu wa nje aliyezijali. Mwaka 2004, kwa msaada wa profesa Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mtafiti wa sanaa za Afrika, wamama walianzisha ushirika wao wa kushona na kuuza kawandi. Mwaka 2011 kawandi zilionyeshwa New York, katika kituo cha Schomburg kinachohifadhi historia ya watu weusi. Margaret Fabrizio, mwanamuziki wa California aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alivutiwa nazo mpaka akasafiri India kujifunza na wamama hao, akatengeneza filamu, kisha akafundisha wengine. Leo watu wengi ku Marekani na kwingine wanashona kawandi, na jina ni hilo hilo la Wasiddi.

Mtu anaweza kuuliza: je, kuna watu wa upande wetu kati ya mababu wa Wasiddi? Kwa wale wa Karnataka, njia kubwa ilikuwa ya Wareno, zamani sana. Biashara ya watumwa iliyofika ziwani Tanganyika ilipata nguvu baadaye, karne ya 19, wakati wafanyabiashara kutoka pwani walijenga kituo Ujiji. Wakati Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi mwezi wa nne mwaka 1858, wafanyabiashara hao walikuwa tayari wanafika hapa kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Ni njia mbili, za nyakati mbili, lakini bahari ilikuwa moja, na waliobebwa walipoteza vitu vya aina moja: nyumba, jina na kabila. Kawandi ni ushuhuda kwamba walionyang'anywa vyote walijenga tena kitu chao, kwa sindano na nguo kuukuu.

Kasai: tundu lililogeuka pambo

Haitakiwi kwenda mbali hivyo. Wakuba wa Kasai, ambao wengi wanawaita Bakuba, wanajulikana dunia nzima kwa nguo za rafia, yaani nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende. Wanaume wanafuma. Nguo ikitoka ku kitanda cha kufumia inakuwa ngumu, kwa hiyo inatwangwa ku kinu ili ilainike. Wakati wa kutwanga, mara nyingine inatoboka.

Wanaojua historia ya nguo hizo wanaeleza kwamba viraka vya kwanza viliwekwa kuziba matundu hayo. Kisha wamama wakaanza kuongeza kiraka hata pale ambapo hakuna tundu, ili nguo ipendeze na ilingane. Kidogo kidogo viraka vikawa lugha yake: umbo la mviringo, la mkia, la pembe, vikitapakaa juu ya sketi ndefu ya sherehe yenye mita nyingi, inayozungushwa kiunoni. Nguo hizo zinavaliwa siku kubwa, na mtu mkubwa akifa anazikwa nazo.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikusanya nguo za Wakuba na kuzitundika ukutani ambapo alifanyia kazi. Ziko pia Londoni, Brussels na New York. Lakini ukisoma kibao kilicho chini ya nguo, mara nyingi kinasema tu: Kuba, Kongo. Jina la mama aliyeshona halipo. Nguo imepanda bei. Mwenye mikono hakuandikwa.

Namna mbili za kushona, zinazoweza kufanywa hapa

Mafundi wa Uvira wanajua mengi tayari, kwa hiyo maelezo haya ni ya kuanzia tu.

Namna ya Korea inafaa kwa kitambaa chepesi. Siri yake ni mshono. Mtu akiunganisha vipande viwili kwa njia ya kawaida, upande wa ndani unabaki na kingo zilizokatwa, nyuzi zinatoka, na lazima uweke kitambaa kingine cha kufunika nyuma. Katika jogakbo isiyo na bitana, ukingo wa kipande kimoja unakunjwa kufunika ukingo wa kipande cha pili, unashonwa, kisha mshono wote unalazwa na kushonwa tena. Kingo zilizokatwa zinafungiwa ndani. Nguo inakuwa safi pande zote mbili. Fundi anayeshona suruali ya jeans anaujua mshono wa ndugu yake: ule wa mistari miwili pembeni mwa mguu. Jogakbo ya mosi ikitundikwa ku dirisha, mwanga unapita, na mishono inaonekana kama fremu za vioo vya rangi ndani ya kanisa. Hapa kwetu, mtu angeweza kufanya hivyo kwa pamba nyepesi ao mabaki ya mapazia, kufunika chakula ao kutundika mlangoni.

Namna ya Wasiddi inafaa zaidi kwa kitenge, na kwa mama asiye na mashini. Mtu anatandika chini kitambaa cha msingi, tuseme shuka ya zamani ao kitenge kilichochoka, chenye ukubwa wa blangeti analotaka. Ikiwa anataka joto zaidi, anaongeza kitambaa cha pili katikati. Anakunja kingo za msingi kwa ndani. Kisha anaanza ku pembe moja: anaweka kipande, anakunja ukingo wake, anashona kwa mkono mshono wa kawaida wa kupanda na kushuka, unaopita tabaka zote. Kipande cha pili kinafunika ukingo wa cha kwanza, na vile vile kinachofuata. Anazunguka blangeti lote pembeni, akimaliza mzunguko anaingia ndani kidogo na kuzunguka tena, mpaka anafika katikati. Hachori kitu mbele. Anachagua kipande kinachofuata kwa macho, sawasawa na mtu anayepanga maneno akizungumza.

Mambo matatu yanaharibu kazi ya mtu anayeanza. La kwanza ni kuchanganya vitambaa vya tabia tofauti: pamba na ile nguo inayovutika. Ikifuliwa mara mbili, moja inajikunja na nyingine inabaki, blangeti linakuwa na mabonde na milima. La pili ni kushona kitenge kipya bila kukifua. Rangi nyekundu ao ya buluu inaweza kutoka na kuchafua vipande vyote vya jirani. Vipande vifuliwe na kupigwa pasi kwanza. La tatu ni mshono mrefu sababu ya haraka. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono mfupi unashikilia. Mshono mrefu unafunguka wote.

Ni vipande vingapi vinahitajika? Blangeti la mita 1.5 kwa mita 2 lina mita za mraba 3. Kipande cha sentimita 15 kila upande, kisha kukunjwa na kufunikwa na jirani yake, kinaonekana kama sentimita 13. Hapo inatakiwa vipande karibu 180. Vinaonekana vingi, lakini ku baraza ya mafundi watatu ao wanne, ni vitu vinavyofagiwa na kutupwa muda si mrefu.

Kwa nini hii ni habari ya Uvira

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, Mulongwe ilifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na familia nyingi zilijikuta nje bila hata shuka. Kisha hapo maji ya ziwa yenyewe yalipanda na kuingia katika mitaa ya pembeni. Ongeza vita, ambavyo kwa miaka mingi vimesukuma watu kutoka milimani na kutoka Bonde la Ruzizi kuja mjini. Familia iliyokimbia inahitaji kitu cha kujifunika usiku wa kwanza. Blangeti la msaada linakuja likichelewa, ao halifiki. Nguo zilizochakaa na vipande vya fundi viko jirani.

Kuna pia suala la wasichana. Wengi walioacha masomo sababu ya ada ao vita wanapelekwa kujifunza ushonaji. Wanamaliza, wanapewa cheti, pengine mashini, na wanajikuta wote wanashona kabaa na libaya ya namna moja, wakigombania wateja wale wale. Mtaji wa kununua kitenge kizima hawana. Kushona kwa vipande kunawafungulia mlango wa pembeni: malighafi ni ya bure ao ya bei ndogo, na kitu kinachotoka hakifanani na cha jirani.

Eneo hili si geni kwa nguo. Wakati wa Wabelgiji, pamba ililimwa Bonde la Ruzizi na Fizi, mara nyingi kwa kulazimishwa, na huko Kalemie kulikuwa kiwanda cha Filtisaf kilichosokota na kufuma. Wazee wanakumbuka. Pamba ilikwenda, kiwanda kilifungwa, na leo vitenge vingi vinafika vikiwa vimechapwa ngambo. Kitenge kikifika Uvira, faida kubwa imekwisha kuliwa njiani. Kipande kinachobaki chini ya mashini ni sehemu ya kitenge ambayo hakuna mfanyabiashara anayeidai. Thamani itakayoongezwa hapo itabaki kwa aliyeshika sindano.

Aibu, bei, na jina

Kizuizi cha kwanza kiko ndani ya kichwa. Kwetu, nguo ya viraka ni nguo ya maskini. Mtoto akivaa suruali yenye kiraka, wenzake wanamcheka. Wamama wa Korea nao walijua hivyo. Jogakbo ilikuwa ya nyumba isiyo na kitambaa kizima. Kilichobadilisha macho ya watu ni usafi wa mshono na mpangilio wa rangi. Kiraka kinachofichwa kinasema mtu amekosa. Kiraka kilichopangwa, kilicholingana na jirani yake, kinasema mtu amechagua. Wakuba walielewa hilo walipoweka kiraka mahali pasipo na tundu.

Kizuizi cha pili ni bei. Mama anayeshona blangeti kwa mkono anaweza kutumia siku nyingi. Akiliuza kwa bei ya blangeti la dukani, amefanya kazi bure. Hesabu ni hii: aandike kila siku masaa aliyoshona, ayazidishe kwa malipo ambayo angepata kwa saa moja ya kazi nyingine, aongeze uzi, sindano, sabuni na makaa ya pasi. Hiyo ndiyo bei ya chini. Kama soko la Uvira haliwezi kuifikia, basi kitu cha kuuza mjini kiwe kidogo zaidi: mfuko, foronya, kitambaa cha kufunika chakula, kibebeo cha mtoto. Blangeti kubwa libaki la nyumbani, la zawadi ya ndoa, ao la mteja aliyeagiza na kulipa sehemu mbele. Ushirika unasaidia hapo, sababu mama mmoja anayehitaji unga leo anakubali bei yoyote, lakini wamama kumi waliokubaliana wanaweza kukataa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kizuizi cha tatu ni jina, na hapa historia inafundisha kwa ukali. Wamama wa Joseon hawakuandikwa, na imebidi msanii wa leo awatengenezee kumbukumbu. Wamama wa Kuba hawakuandikwa, na nguo zao zinauzwa ngambo kwa bei ambayo wajukuu wao hawaioni. Wasiddi walipata nafuu moja: kazi yao ilitoka nje na jina lake, kawandi, na jina la watu wake. Anayejifunza kawandi California anajua kwamba anajifunza kitu cha Wasiddi.

Kwa hiyo anayeanza Uvira ashone jina lake nyuma ya kazi, pamoja na mji na mwaka. Herufi chache kwa uzi wa rangi tofauti zinatosha. Kama ametumia njia ya Wasiddi ao ya Wakorea, aseme hivyo kwa mteja. Kujifunza kwa wengine si wizi, kuficha mwalimu ndiyo wizi. Na mpangilio uwe wake. Mistari ya maji ya ziwa, mitumbwi ya wavuvi wa ndagala wakati wa usiku na taa zao, milima ya Itombwe nyuma ya mji: hayo hayajashonwa na mtu wa Seoul wala wa Karnataka.

Kuanza wiki hii

Hakuna sababu ya kungojea mradi. Mtu anaweza kuongea na mafundi wawili wa karibu, kuwaachia mfuko, na kuwaomba waweke humo vipande badala ya kuvitupa. Mwisho wa wiki avichambue: pamba upande mmoja, vingine upande mwingine, rangi za giza mbali na zile nyepesi. Avifue, avipige pasi. Aanze na kitu kidogo, cha sentimita 40 kila upande, ili aone namna mkono wake unavyoshona na masaa mangapi yanapita. Akimaliza cha kwanza, aalike jirani kwa cha pili, sababu ku Korea, Karnataka na Kasai kazi hii ilipita kutoka mkono mpaka mkono, mama akimwonyesha binti, jirani akimwonyesha jirani.

Na fundi mwenye baraza, ambaye mpaka sasa analipa mtoto kumtupia takataka, afikirie mara mbili mbele ya kutoa vipande bure. Siku wamama wa mtaa watakapoanza kuviulizia, mfuko ule nao utakuwa na bei. Ni vizuri wakubaliane mapema, wangali majirani, mbele feza haijaingia kati yao.